Karamu ya Msichana wa Kazi

Munyiva alikuwa akishona pindo la gauni la mteja simu ilipolia. Namba hakuijua. Aliibana simu kati ya sikio na bega, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Munyiva, sasa? Ni Ann. Ann wa Laban."

Mguu ulisimama. Sindano ikabaki imezama katikati ya kitambaa.

"Unanikumbuka? Siku ile ulileta chakula ofisini, ukanipatia namba yako."

"Nakukumbuka," Munyiva alijibu. Angemsahau vipi? Sauti ile alikuwa akilala nayo na kuamka nayo tangu Machi.

"Bado unafanyia Mama Laban kazi?"

"Niliacha."

"Aki pole. Ama ni vizuri?" Ann alicheka, kicheko cha mtu asiye na hila. "Sasa sikia. Jumamosi ijayo nakuja na wazazi wangu huko Machakos kwa kina Laban, waonane na mamake. Nimemwambia Mama asiwashe jiko, chakula ni juu yangu. Lakini sijawaambia nani anapika, nataka iwe surprise. Nataka kile ulituletea siku ile. Ule mchele, ile mbuzi, na zile ndizi. Utanipikia?"

Munyiva aliinua macho akatazama nje ya mlango wa kibanda chake cha ushonaji. Juu ya mabati ya soko, vilima vya Machakos vilikuwa vimejifunika ukungu. Kilio alishakimaliza. Kilichobaki kilikuwa na makali.

"Nitapika," alisema polepole. "Na nitakuja kuwapakulia mwenyewe."

"Aki wewe ni malaika!"

Munyiva akakata simu. Malaika gani wa kulipiza kisasi?

*

Mwaka uliotangulia, Laban alifika nyumbani kwa Mzee Munyao na wazee wake, wakaleta mbuzi watatu wa ntheo. Kwa Wakamba, ntheo ikishaliwa msichana ana mwenyewe. Mwanamume mwingine haji kubisha mlango ule, na msichana mwenyewe hageuzi shingo kuwatazama wapitao. Kilichobaki ni arusi ya kanisani, na Laban aliahidi kuifanya akishapandishwa cheo huko Nairobi alikofanya kazi.

Munyiva alimwamini. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata alikwenda mjini kwa muda wa mwezi mmoja na kidogo kujifunza kukata magauni ya arusi kwa fundi mmoja wa River Road, akiwa na nia ya kushona la kwake. Kwa heshima hakulala kwa Laban. Alipanga chumba na wasichana wengine Mlolongo. Jioni ya kwanza alimpigia mchumba wake akamwambia njaa inamuuma, mkahawa aliouona una chai ya bei ya kuku mzima.

"Nairobi si Machakos, Munyiva," Laban alimjibu. "Huku watu wanakula mara moja. Kunywa maji ulale."

Akanywa maji, akalala. Siku ya pili kizunguzungu kilimpata barabarani Isli, alikokuwa ametumwa vitambaa na fundi wake. Aliegemea nguzo ya duka, na mtu akamwita kwa jina.

Alikuwa Khadar, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na zizi pale Kyumbi, ambako mabwana harusi wa Machakos hununua mbuzi. Kijana mrefu wa Kisomali, mpole wa maneno, aliyezaliwa Machakos na kuongea Kikamba kama mtoto wa nyumbani.

"Munyiva, binti ya Mzee Munyao! Mbona uso umekuwa kama jivu?"

"Hakuna. Sijakula."

"Umekosa kula Isli?" Alishangaa kana kwamba ameambiwa mtu amekufa kiu akiwa ndani ya mto. "Njoo."

Alimpeleka kwenye hoteli ya shangazi yake, Bi Barni, juu ya ngazi nyembamba nyuma ya maduka ya vitambaa. Bi Barni alileta sahani moja pana ya wali wenye zabibu, nyama ya mbuzi laini iliyodondoka mifupani, ndizi mbivu na bakuli la supu kando.

"Hii ni ya watu wawili," alisema Khadar. "Kila mtu hapa hula na mwenzake, ndiyo maana haiumizi mfuko. Lakini wewe ni mke wa mtu. Kula nusu, nusu utafungiwa uile jioni. Mimi nitakaa meza ile."

Na akakaa meza ile, akampa mgongo, akanywa chai yake. Munyiva alikula akiutazama mgongo ule. Laban hakuwahi kumwonea haya ya namna hiyo.

Tangu siku ile mji ule ghali ulimfungukia. Khadar alimfundisha kwamba mji hauliwi kwa macho: usitazame vioo na viti, tazama makarani na mahamali wanaelekea wapi saa ya chakula, uwafuate. Kula kizito mchana, wakati vyungu vimejaa na bei ni ya wafanyakazi; jioni ni bei ya wageni. Akaijua supu ya asubuhi kule soko la Burma, ambayo ukiimeza na chapati moja huioni njaa mpaka alasiri. Akamjua mama mmoja wa Industrial Area aliyepika githeri yenye nazi na kukupasulia parachichi zima juu yake. Akajua kwamba maembe na mapapai hushuka bei jua linapotua, wauzaji wakiogopa yalale nao. Kila Jumapili alitoka Machakos na muthokoi wa mamake, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye mkebe, akawapasia moto wasichana wa Mlolongo. Mashavu yakajaa, ngozi ikang'aa. Alikula vizuri kuliko hata nyumbani.

Furaha hiyo alitaka kumgawia mtu wake. Siku Laban alipopandishwa cheo, Munyiva aliomba jiko kwa Bi Barni, akapika kwa mikono yake wali, mbuzi na ndizi, akaufunga mzigo kwa leso, akapanda mpaka ofisi ya Laban huko Upper Hill.

Alimkuta ukumbini na wenzake wakicheka. Kando yake alisimama msichana mwembamba mwenye nywele fupi, mkono juu ya bega la Laban kama mtu aliyezoea kuuweka pale.

Munyiva alitabasamu. "Laban, hongera. Nimekuletea..."

Laban alimtazama kuanzia leso hadi viatu vyake vyenye vumbi. Kisha akawageukia wenzake.

"Huyu ni msichana wa kazi wa mama. Ametumwa chakula kutoka Machakos."

Alikipokea kile chakula. Akatoa noti mfukoni, akaisukuma kwenye kiganja cha Munyiva. "Hiyo ni nauli. Salimia mama."

Wakala mbele yake wakilamba vidole. Msichana mwembamba akamfuata hadi kwenye lifti, mdomo bado unang'aa mafuta. "Aki umepika! Naitwa Ann. Nipatie namba yako, tutakuhitaji kwa harusi yetu. Laban hajawaambia huko nyumbani?"

Munyiva aliitaja namba yake tarakimu baada ya tarakimu bila sauti kutetemeka. Akashuka. Nje ya jengo aliichana ile noti, akaitupa mtaroni, akaenda kwa miguu hadi jua lilipozama.

*

Jioni ya siku ile Ann alipopiga simu, Munyiva alimkuta baba yake ameketi uani akipukuchua mahindi.

"Tata, nataka turudishe mbuzi wa Laban."

Mikono ya Mzee Munyao ilitulia juu ya ungo. "Mbuzi gani? Walioliwa na ukoo mzima?"

"Nitanunua wengine."

"Mwiitu wakwa, binti yangu, ntheo hairudishwi kwa hasira. Mmegombana, mtapatana. Mamake Laban juzi tu tulisalimiana kanisani, hakusema neno."

"Hawezi kusema. Jumamosi anapokea wakwe wengine."

Mzee aliinua kichwa. Kwa miezi yote ile binti yake alikuwa amemwambia tu kwamba Laban ana kazi nyingi. Sasa alimweleza yote, akiwa amesimama, bila chozi. Alipofika kwenye yale maneno matatu, msichana wa kazi, mzee alimkatiza.

"Alisema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Na akanilipa nauli."

Kuku alikuja akadonoa mahindi ndani ya ungo, na mzee hakumfukuza.

"Mimi nilikunywa pombe ya kijana huyo," alisema hatimaye. "Nilimpatia mtoto wangu, si mfanyakazi. Nunua mbuzi. Nitawapeleka mimi mwenyewe."

Kesho yake Munyiva alikwenda Kyumbi. Khadar alikuwa kwenye zizi, mikono ya shati imekunjwa, akimshika beberu pembe ili mteja amkague meno. Alipomwona alimwachia beberu, na macho yake yakafanya lile jambo yaliloanza kufanya tangu Machi: yakamkalia usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa, kisha yakashuka chini kwa haya.

"Nataka mbuzi watatu," alisema Munyiva. "Wazuri. Watu wakiwaona waulize bei."

"Wa nini?"

Akamwambia. Khadar alisikiliza, kidole kikichora mstari juu ya ubao wa zizi.

"Wachague. Sitaki chochote."

"La. Mbuzi wa kisasi hawatolewi zawadi. Nitawalipia, wawe wangu."

"Sawa." Kisha akauliza, "Munyiva, niambie ukweli. Unataka kumuumiza, ama unataka akikuona alie arudi kwako?"

Damu ilimpanda usoni. "Unanionaje, Khadar?"

"Nauliza kwa sababu mimi nitaendesha hiyo gari. Nataka kujua napeleka nini."

Munyiva alishika ubao, karibu na kidole chake, bila kukigusa. "Nataka ajue nilivyojisikia. Nataka aulizwe mbele ya watu mimi ni nani, akose mahali pa kukimbilia. Nimeota hiyo siku mpaka usingizi umeniisha. Kama hiyo ni dhambi, Mungu atanikuta hapo hapo."

"Na baadaye?"

"Baadaye sijafika."

Khadar alitikisa kichwa, nusu ya tabasamu ikimponyoka. "Basi Jumamosi mapema. Nitafunga turubai, jua lisiwachome."

"Mbuzi?"

"Mbuzi, na chakula, na wewe."

*

Munyiva alipika tangu alfajiri. Aliosha mchele mpaka maji yakawa maangavu kama machozi, akakaanga vitunguu hadi vikawa rangi ya asali, akaiacha nyama ijipikie polepole na iliki na mdalasini. Hakuwahi kupika kwa makini hivyo akiwa na mapenzi. Alitaka kila tonge liwe tamu, ili wasiweze kuliacha.

Nyumba ya Mama Laban ilikuwa kwenye mteremko nje ya mji, geti jipya limepakwa rangi kwa ajili ya wageni. Khadar aliegesha pikapu chini ya mkalitusi barabarani.

"Mimi nabaki hapa," alisema. "Hayo ya ndani si yangu."

Mzee Munyao, kwenye koti lake la arusi na misa, alibaki nyuma ya gari na mbuzi, akingoja kwanza wageni wapakuliwe. Munyiva akasukuma geti na masufuria yake. Ann alikuja mbio akamkumbatia, akamsaidia kubeba hadi jikoni kwa mlango wa nyuma.

"Wanakaa sebuleni. Wacha nipeleke hii ya kwanza, nione sura zao!"

Munyiva alisimama nyuma ya pazia la jikoni akisikiliza. Alisikia sahani ikitua mezani, akasikia babake Ann, sauti nzito, akisema, "Hii harufu ni ya kweli."

Kisha akasikia kiti cha Laban kikikwaruza sakafu.

"Hii... hii imetoka wapi?" Laban aliuliza.

"Wewe onja kwanza," Ann akamwambia akicheka. "Si ulisema hujawahi kula kitu kama hicho?"

"Ann, nani amepika?"

Munyiva alijifuta mikono, akachukua sinia, akaingia.

Laban alikuwa katika suti ya buluu, tai imemkaba. Alipomwona, uso wake ulikwisha rangi. Mama Laban, kwenye kiti chake chenye vitambaa vya kufuma, aliweka mkono mdomoni. "Aiee," alinong'ona. "Munyiva."

"Mwaitu, mama, shikamoo," Munyiva akasema kwa adabu zote.

Munyiva alianza kupakua. Alimpakulia babake Ann, akampakulia mamake, akampakulia Mama Laban ambaye hakuthubutu kumtazama. Sahani ya Laban aliijaza kuliko zote, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Kula, Laban. Chakula hiki ulikisifu."

"Munyiva, tafadhali. Twende nje tuongee."

"Kula kwanza."

Wote walikuwa wakimtazama. Laban alichukua kijiko. Akatia mdomoni, akatafuna, akatafuna, na lile tonge likakataa kushuka. Munyiva alilitazama koo lake likihangaika, na moyo wake ukapata ule utamu alioungoja tangu Machi. Ulikuwa mtamu kweli. Asingedanganya.

"Kuna nini hapa?" Ann alitazama mmoja hadi mwingine. "Mama, si huyu alikuwa msichana wenu wa kazi?"

Mama Laban alishika kitambaa cha kiti, akakikunja. "Ann, mtoto wangu, hayo ni mambo madogo ya..."

"Hodi!"

Mzee Munyao alisimama mlangoni akiwashika mbuzi watatu kwa kamba moja. Walikuwa wanene, manyoya yameng'aa, shingo zimenyooka. Mmoja alipita kizingiti bila kukaribishwa, akalifikia shada la maua ambalo mamake Ann alikuwa ameliweka juu ya meza ndogo, akaanza kulila.

"Mnisamehe wageni," mzee alisema. "Mimi ni Munyao. Sikuja kula. Niko na swali moja kwa huyu kijana, halafu nitoke."

Babake Ann aliweka kijiko chini. "Uliza, mzee mwenzangu."

"Laban." Sauti ya Mzee Munyao haikupanda. "Huyu aliyekupakulia ni nani wako?"

Laban alimtazama mamake. Mamake alitazama sakafu. Akisema ni mke wake, Ann yuko pale na wazazi wake. Akisema ni msichana wa kazi, baba aliyewapokea mbuzi wake amesimama mlangoni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kwenye chumba kile palisikika tu mbuzi akitafuna maua.

"Jibu mzee, kijana," babake Ann akasema.

"Alikuwa... alikuwa mchumba wangu."

"Alikuwa?" Mzee Munyao aliuliza. "Nani alikuja kwangu kuniambia ameacha kuwa? Ulimtuma nani? Ulileta mbuzi watatu, ukala na wazee wangu, kwetu huyo ni mke. Kisha ukaenda mjini ukamwita mfanyakazi, ukamlipa nauli."

Ann alisimama. "Laban, ni kweli?"

"Ann, hayo ni mambo ya kienyeji tu, ya wazee. Hakukuwa na cheti, hakukuwa na..."

"Nimekuuliza ni kweli?"

Laban alivuta tai yake. Mzee Munyao alivuka chumba, akamshika mkono, akamwekea kamba kwenye kiganja na kuvifunga vidole vyake juu yake, mmoja mmoja.

"Ntheo yako hiyo. Imezidi unene ile uliyoleta. Kuanzia leo hunidai kitu, na mtoto wangu si wako."

Laban alibaki amesimama katika suti yake, mbuzi wakimvuta huku na huku. Munyiva alimsogelea, karibu kiasi cha kusikia manukato yake, yale yale aliyokuwa akiyapenda.

"Ulisema mimi ni msichana wa kazi wa mama yako," alisema. "Basi nimeacha kazi."

*

Ann alimfuata jikoni akamkuta anakusanya masufuria. Macho yalikuwa mekundu.

"Ungeniambia kwa simu."

"Ningekwambia, ungemuuliza yeye. Na yeye angekujibu vizuri. Wewe hujui anavyojibu vizuri?"

Ann alifuta pua kwa kiganja. "Umenitumia, Munyiva. Wazazi wangu wako pale wameaibika."

Hilo lilimchoma, kwani lilikuwa kweli. Katika ndoto zake zote za kisasi hakuwa amemwota Ann akilia.

"Nimekutumia," alikiri. "Kwa hilo nisamehe. Kwa yale mengine sina wa kumwomba msamaha."

Ann akachukua sufuria moja kubwa akamsaidia kulibeba hadi kwenye geti. Hakusema kwaheri. Lakini alilibeba.

Laban akawafikia mbio, kamba bado mkononi, mbuzi wakimfuata.

"Munyiva! Ngoja. Nilikosea, nakubali. Nilikuwa nataka kupanda, hujui mji ule unavyomtazama mtu wa kwetu. Rudi na hawa mbuzi. Nitaongea na Ann, nitaongea na mzee, tutafunga harusi hata mwezi huu."

Ann, kando yake, alisikia kila neno. Aliachia sufuria likaanguka changaraweni, akageuka akarudi ndani.

"Umemsikia?" Munyiva alimuuliza Laban. "Dakika moja umetuacha wote wawili."

"Mimi nakupenda wewe."

"Unaogopa. Ni tofauti." Aliokota sufuria. "Mpelekee mama mbuzi wake, wasije wakala nguo zilizoanikwa."

Akatoka. Hakugeuka nyuma, ingawa alimsikia akiita jina lake mara nyingi, na mbuzi wakimwitikia.

Chini ya mkalitusi, Khadar alikuwa ameegemea mlango wa pikapu. Alipokea masufuria, akayapanga nyuma, akamfungulia chupa ya maji. Munyiva akanywa, na mara machozi yakaanza kushuka bila sauti, mengi, kama mvua ya Novemba.

"Nilidhani nitacheka," alisema.

"Utacheka kesho."

"Nimemliza msichana asiye na kosa."

"Najua. Nimemwona pale getini." Khadar hakusogea karibu, wala hakwenda mbali. "Mzee yuko wapi?"

"Ndani. Babake Ann amemzuia. Amesema hawezi kumwacha mzee mwenzake aondoke na njaa, na tata amesema chakula cha mtoto wake hakiachwi mezani mwa watu hawa. Wamekaa wawili wanakula. Mama Laban anawatazama tu."

Khadar alicheka, na kicheko kile kikamfungua Munyiva kifua. Akacheka naye ndani ya machozi, kabla kesho haijafika.

Walipotulia, Khadar alitazama vidole vyake. "Sasa huna mwenyewe."

"Sina."

"Siku ile Isli nilikaa meza nyingine." Alimeza mate. "Chai niliyokunywa siku ile sijui hata kama ilikuwa na sukari. Sitaki kukaa meza nyingine tena, Munyiva."

Munyiva alimtazama. Yale macho hayakushuka safari hii. Yalimkalia usoni, yakasema yote ambayo mdomo ulikuwa ukiyaficha kwa heshima ya mbuzi wa mtu mwingine, na yeye akayaachia ya kwake yajibu. Upepo ulitikisa mkalitusi, majani yakawadondokea mabegani, na hakuna aliyeyapangusa.

"Mama yako hatakubali," Munyiva alisema kwa sauti ya chini. "Nimesikia ameshakutafutia msichana wa Garissa."

"Mama yangu, Hooyo Bisharo, akisikia, atafunga mlango wiki nzima. Wajomba zangu watakuja kuniuliza dini yangu nimeiweka wapi."

"Na wewe utawajibu nini?"

"Sijui bado. Nitajibu nikisimama hapo, sitakimbia. Na baba yako?"

"Tata?" Munyiva alifuta uso kwa ncha ya leso. "Tata atasema hajarudisha mbuzi wa mmoja leo ili apokee ngamia wa mwingine kesho. Atapiga kelele mpaka majirani waje."

"Basi kuna milima miwili." Khadar alifungua mlango wa gari, akasimama ameushika. "Tuanze na upi?"

Geti likalia. Mzee Munyao alitoka, kofia mkononi, akijisugua tumbo chini ya lile koti lake, akitembea polepole kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Munyiva alimtazama akija, kisha akamgeukia Khadar.

"Tuanze na tata," alisema. "Ameshiba."